Maswali na Majibu: Mwangaza katika Vituo vya Data Vilivyosongamana Raki

Maswali mengi tuliyopokea kuhusu ujenzi wa vituo vya data, yaani majengo yenye raki (makabati ya chuma yanayobeba seva), yanahusu jambo ambalo wajenzi hulifikiria mwisho kabisa, baada ya umeme, mitambo ya kupozea na ulinzi kukamilika, nalo ni taa. Tumechagua machache kati ya hayo. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu na uzito wa maswali yenyewe haulingani.

SWALI: Ninasimamia ujenzi wa ukumbi wa data wenye mita za mraba 300 na raki takriban 100. Mchoro wa mkandarasi ulionyesha paneli za LED za sentimita 60 kwa 60, zilizopangwa darini kwa nafasi sawa, na hesabu zake zilitoa wastani wa laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia uso). Tulipopima ukumbi ukiwa mtupu tulipata hata zaidi ya hapo. Raki zilipokwisha kusimamishwa, mafundi walianza kulalamika kwamba hawaoni sehemu za chini, na sasa wanafanya kazi kwa tochi za simu. Mkandarasi anasema ametimiza mkataba. Je, ni kweli?
*Msimamizi wa mradi, Dar es Salaam*

JIBU: Mkandarasi wako ameimulika sakafu, na sakafuni hakuna mtu anayefanya kazi. Ofisini kazi huwa juu ya meza, yaani kwenye uso uliolala, na ndiyo maana hesabu za kawaida za taa hupima mwanga unaoangukia uso uliolala. Katika ukumbi wa data fundi husoma lebo, huchomeka kebo na hutazama viashiria kwenye uso uliosimama, ambao huanzia karibu na vidole vya miguu yake na kuishia juu ya kichwa chake, kwa kuwa raki ya kawaida ya yuniti 42 (nafasi za kupachika vifaa) ina kimo cha takriban mita 2. Kiwango cha Marekani cha vituo vya data, TIA-942, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005 na kinachofuatwa na wabunifu wengi hata nje ya Marekani, kinataka laksi 500 kwa uso uliolala na laksi 200 kwa uso uliosimama, zipimwe mita 1 kutoka sakafuni, katikati ya shoroba zilizo kati ya raki. Watu wengi huikumbuka namba ya kwanza na kuisahau ya pili, ilhali ya pili ndiyo inayogusa kazi yenyewe.

Tuifanye hesabu ili ugomvi wenu upate msingi. Chukua ushoroba wenye upana wa mita 1.2, na juu yake, katikati, mstari wa taa zilizoungana ukiwa mita 2.9 kutoka sakafuni. Mwanga unaofika juu ya raki, kwenye kimo cha mita 2, huja kwa mshazari wa kutosha, hivyo zaidi ya nusu ya nguvu yake huupata uso wa raki. Mwanga unaokwenda chini, kwenye kimo cha sentimita 30, huteremka karibu wima na kuuparuza tu uso wa raki, kiasi kwamba chini ya robo ya nguvu yake ndiyo inayohesabika, na zaidi ya hapo umesafiri umbali unaozidi mara mbili. Ukizidisha mambo hayo mawili utaona kwamba sehemu ya chini hupata takriban moja ya sita ya mwanga unaopatikana juu, bila kuhesabu mwanga unaorudishwa na sakafu na raki za upande wa pili. Hiyo ni kwa mstari ulioungana. Kwa taa moja moja zilizoachana, pengo huwa kubwa zaidi, na fundi anayesimama kati ya taa mbili huwa katika hali mbaya kuliko zote.

Kisha kuna vizuizi. Ukumbi uliosongamana raki huwa umesongamana darini pia: trei za kebo za shaba, trei za faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga), njia kuu za umeme zinazopita juu ya raki na mabomba ya kuzimia moto. Paneli iliyopangwa kwa nafasi sawa bila kujali raki zitasimama wapi itaangukia mara nyingi juu ya raki au juu ya trei, na mwanga wake utaishia hapo. Ndiyo sababu vipimo mlivyochukua ukumbi ukiwa mtupu havina maana yoyote, ingawa vilipigwa kwa kifaa kizuri na mtu mwaminifu.

Mpangilio unaofaa huanzia kwenye ushoroba, si kwenye dari. Chora kwanza raki, kisha trei, kisha tundika mistari ya taa kufuata urefu wa kila ushoroba, chini ya trei au katika uwazi ulioachwa kati yake. Mstari mrefu usiokatika una faida ambayo hesabu za wastani haziionyeshi. Fundi aliyeinama mbele ya raki hujitilia kivuli mwenyewe, lakini mstari mrefu huleta mwanga kutoka kushoto na kulia kwake, hivyo kivuli chake hujazwa. Pale ambapo nafasi inaruhusu, mistari miwili, kila mmoja ukiwa juu ya ukingo wa raki na kuelekezwa upande wa pili wa ushoroba, huongeza mshazari wa mwanga. Kwa vipimo vile vile nilivyovitaja, mwanga unaofika sentimita 30 kutoka sakafuni huongezeka kwa takriban robo tatu kwa kila kipimo cha nguvu kinachoelekezwa upande huo. Chagua lenzi inayotawanya mwanga pande mbili na kuuzuia usimpige machoni mtu aliyepiga magoti akitazama juu. Nyuma ya raki msipasahau. Kazi nyingi za kebo za umeme hufanyika huko, ushoroba wenyewe mara nyingi ni mwembamba zaidi, na mlango wa raki ukifunguliwa hukata mwanga wa upande mmoja.

Kuhusu mkandarasi, soma mkataba. Ikiwa umeandikwa "wastani wa laksi 500" bila kutaja uso uliosimama, ametimiza maneno aliyopewa, na gharama ya kuhamisha taa ni yenu. Ikiwa mkataba unataja TIA-942 kwa jina, hajamaliza kazi. Kwa mradi ujao, andikeni laksi za uso wa raki kwa vimo vitatu, kwa mfano sentimita 30, mita 1 na mita 1.8, mbele na nyuma, zipimwe raki zikiwa zimesimama na milango imefungwa, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya kipimo hicho.

SWALI: Mkurugenzi wetu ameambiwa kwamba taa za LED na vihisi vya mwendo hupunguza sana gharama za umeme za kituo cha data, naye anataka akiba hiyo ionekane katika bajeti. Niandike kiasi gani?
*Mhasibu, Arusha*

JIBU: Andika kiasi kidogo, kisha umweleze sababu. Tuchukue ukumbi wa mita za mraba 300 wenye raki 100 zinazotumia wastani wa kilowati 10 kila moja. Mitambo hiyo hula kilowati 1,000 usiku na mchana, yaani uniti 8,760,000 kwa mwaka, kabla hujahesabu upozaji. Taa nzuri za LED zinazotoa laksi 500 huhitaji takriban wati 8 kwa kila mita ya mraba, yaani kilowati 2.4 kwa ukumbi mzima. Zikiwaka bila kuzimwa mwaka mzima zitatumia uniti 21,024, ambazo ni takriban robo ya asilimia moja ya umeme wa mitambo. Ukumbi huo huo ukiwashwa kwa taa za tyubu za zamani zenye wati 15 kwa mita ya mraba ungetumia uniti 39,420. LED zenye vihisi, zikiwaka kwa nguvu kamili saa 2 tu kwa siku, zingetumia uniti 1,752.

Tofauti kati ya hali mbaya kuliko zote na hali nzuri kuliko zote ni kama uniti 37,700 kwa mwaka. Ongeza hapo theluthi moja, kwa sababu kila wati ya taa hugeuka joto ambalo mitambo ya kupozea lazima ilitoe nje, na mitambo ya kawaida hutumia takriban uniti moja kuondoa uniti tatu za joto. Utapata takriban uniti 50,000. Hizo ni fedha halisi, na zinatosha kulipia vihisi, lakini mkurugenzi anayetarajia bili ishuke kwa namna inayoonekana atasikitika. Makala nyingi hutaja asilimia 1 hadi 3 ya umeme wa kituo kuwa ni wa taa. Takwimu hizo zinafaa zaidi kumbi za zamani zenye raki nyepesi na taa zisizozimwa. Kadiri raki zinavyobeba umeme mwingi ndivyo fungu la taa linavyopungua.

Ndiyo maana napinga vikali mtindo wa kupunguza laksi kwa jina la akiba. Fundi mmoja akichomoa kebo isiyo yake kwa sababu hakuisoma lebo vizuri, hasara ya saa moja inaweza kumeza akiba ya taa ya miaka kadhaa. Sababu nzito ya kuhamia LED ni nyingine: tyubu huungua mara kwa mara, na kila inapoungua mtu hulazimika kupanda ngazi juu ya mitambo inayofanya kazi akiwa ameshika kioo chembamba chenye zebaki ndani yake.

SWALI: Katika kituo ninachofanyia kazi, taa za ushoroba wa joto, yaani nyuma ya raki zinakotokea hewa moto, huzimika nikiwa katikati ya kazi. Hupunga mikono na wakati mwingine haziwaki mpaka nitoke hadi mlangoni. Upande wa baridi, mbele ya raki, vihisi vya aina ile ile havina tatizo. Fundi wa taa amevibadilisha na hali haikubadilika.
*Fundi wa mitandao, Mombasa*

JIBU: Vihisi vyako huenda ni vizima kabisa. Vihisi vingi vya mwendo vinavyouzwa madukani hutumia infraredi tulivu: havitoi mawimbi yoyote, bali hutambua tofauti kati ya joto la mwili wako na joto la vitu vilivyo nyuma yako pale tofauti hiyo inapohama kutoka eneo moja la lenzi kwenda jingine. Ngozi ya binadamu ina takriban nyuzijoto 33 hadi 34. Upande wa baridi hewa inayoingia kwenye seva huwa kati ya nyuzijoto 18 na 27, kufuatana na mapendekezo ya ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa upozaji ya Marekani, hivyo kihisi hukuona waziwazi. Upande wa joto hewa huweza kufika nyuzijoto 35 au 40. Pale hewa na milango ya raki inapokuwa na joto lile lile la uso wako, kwa kihisi wewe hupo, hata ukipunga mikono. Kubadilisha kihisi kwa kingine cha aina hiyo hiyo hakuwezi kusaidia.

Jambo la pili ni mahali kilipo. Kihisi hicho kinahitaji kukuona moja kwa moja, na mtu aliyepiga magoti nyuma ya mlango wa raki uliofunguliwa amejificha. Jambo la tatu ni muda: vihisi vingi hutoka kiwandani vikiwa na muda mfupi wa kusubiri unaofaa vyoo na korido za ofisi, ambako mtu hupita tu. Fundi anayesoma lebo anaweza kukaa dakika kadhaa bila kusogeza chochote ila macho.

Kwa ushoroba wa joto, weka vihisi vinavyotuma mawimbi ya maikrowevu na kupokea mwangwi wake, kwa kuwa hivyo havijali joto. Tahadhari yake ni kwamba mawimbi hayo hupenya paneli za plastiki na kuta nyembamba, kwa hiyo unyeti wake lazima upunguzwe hadi viache kumwona anayepita ushoroba wa jirani. Vile vya mawimbi ya sauti isiyosikika sivipendekezi ndani ya ukumbi wa data, kwa sababu hewa inayovuma kwa nguvu kutoka kwenye feni huweza kuvidanganya. Kila ushoroba uwe kundi lake, na kihisi kimoja kikimwona mtu, ushoroba wote uwake. Zaidi ya yote, weka swichi ya kawaida mwanzoni mwa kila ushoroba inayoshikilia taa ziwake kwa saa nzima bila kujali vihisi. Swichi hiyo ni rahisi kuliko kitu kingine chochote katika mfumo mzima, na sijui kwa nini wabunifu wengi huiona kuwa aibu.

Toleo la TIA-942 la mwaka 2012 limepanga mwangaza katika ngazi tatu ambazo zingekuokoa na usumbufu huu. Ngazi ya kwanza ni ukumbi usio na mtu, ambapo hubaki mwanga mdogo unaotosha kamera za ulinzi. Ya pili huwaka mtu anapoingia, ili apite salama na kamera zimtambue. Ya tatu ni mwanga kamili katika eneo ambalo kazi inafanyika. Kwa mpangilio huo, hata kihisi kikikosea, taa hushuka hadi ngazi ya chini, na hutaachwa gizani ukiwa umeshika waya wa umeme mkononi.

Kuna suala jingine ambalo hukuliuliza lakini linahusu ushoroba huo huo. Maisha ya saa 50,000 yanayoandikwa kwenye boksi la taa kwa kawaida hupimwa kwa mazingira ya nyuzijoto 25. Kinachokufa kwanza katika joto ni draiva (kifaa kinachoipa LED umeme unaoifaa), hasa kapasita zake zenye kimiminika, ambazo kwa kanuni ya mafundi maisha yake hupungua kwa nusu kwa kila ongezeko la nyuzijoto 10. Nunua taa zilizoidhinishwa kwa joto la nyuzijoto 45 au 50, au uweke draiva nje ya ushoroba wa joto na upeleke ndani waya tu.

SWALI: Stima ikipotea, seva zetu hubaki juu ya UPS (mfumo wa betri unaoshikilia umeme) lakini ukumbi huwa giza totoro mpaka jenereta ishike. Mkuu wetu anataka taa zote ziunganishwe kwenye UPS ya seva. Je, ni sawa?
*Msimamizi wa majengo, Nairobi*

JIBU: La. Bodi ya usambazaji umeme inayolisha seva isilishe taa, na TIA-942 inasema hivyo hivyo. Taa moja yenye hitilafu ikiangusha saketi breka, au fundi wa taa akizima breka isiyo yake, mnapoteza raki. Taa ziwe na bodi yake inayopokea umeme wa jenereta, na zile sekunde 10 au 15 za kusubiri zijazwe na taa za dharura zenye betri zake au zinazolishwa na betri kuu ya jengo iliyotengwa kwa ajili hiyo.

Wengi hudhani taa za dharura ni za kutokea nje tu. Kiwango cha Ulaya cha EN 1838 kinataka angalau laksi 1 kwenye njia ya kutokea, kiasi kinachotosha kuona mahali pa kukanyaga. Lakini mtu aliyefungua bodi ya umeme wakati giza linaingia anahitaji kuifunga salama kabla ya kuondoka, na kwa maeneo ya kazi zenye hatari kubwa kiwango hicho hicho kinataka asilimia 10 ya mwanga wa kawaida, isipungue laksi 15. Wekeni taa za namna hiyo mbele ya bodi za umeme, kwenye chumba cha betri na mahali zilipo swichi za kuzima mitambo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, gridi ya Kenya ilipozimika karibu nchi nzima, umeme ulichelewa kurudi kwa saa nyingi. Katika hali kama hiyo taa za dharura zenye betri ya saa moja zinatosha ikiwa tu jenereta inawaka, kwa hiyo bodi ya taa isiwe ya kwanza kukatwa mnapopunguza mzigo wa jenereta.

Betri za taa hizo msiziweke ndani ya ushoroba wa joto, kwa kuwa huzeeka haraka huko. Zijaribuni kila mwezi kwa kukata umeme wake kwa muda mfupi, na mara moja kwa mwaka ziacheni ziwake mpaka muda wake ulioandikwa uishe.

SWALI: Ninasomea mitandao. Mkufunzi alisema rangi ya taa inaweza kusababisha makosa ya kuunganisha faiba. Inawezekanaje?
*Mwanafunzi, Zanzibar*

JIBU: Mkufunzi wako anasema kweli. Ndani ya kebo ya faiba, nyuzi hutambuliwa kwa rangi 12 zinazofuatana: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi na ile ya kijani-buluu iitwayo akwa, na zikizidi 12 mzunguko huanza upya. Magamba ya nje nayo yana rangi zake: njano kwa faiba ya modi moja, akwa kwa zile za modi nyingi za aina ya OM3 na OM4, chungwa kwa za zamani zaidi. Chini ya taa duni, akwa na buluu hukaribiana, kijivu hufanana na nyeupe iliyochafuka, na katika kebo za shaba jozi ya kahawia huanza kufanana na ya chungwa.

Tazama kwenye boksi la taa alama ya CRI au Ra, inayoonyesha jinsi taa inavyozidhihirisha rangi. Chini ya 80 usikubali kabisa. Kwa eneo la kuunganishia faiba ningetafuta 90, ingawa bei hupanda na mwanga kwa kila wati hupungua kidogo. Rangi ya mwanga iwe karibu kelvini 4,000, na muhimu zaidi iwe moja ukumbini kote. Ukumbi uliobadilishiwa taa kidogo kidogo na mafundi tofauti, nusu ikiwa ya manjano na nusu ya buluu, huchosha macho na kupotosha rangi kuliko ukumbi wenye taa za wastani zinazofanana. Na kwa kuwa wapo watu wengi, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, lebo iliyochapishwa pande zote mbili za kebo ibaki kuwa ya lazima hata taa zikiwa bora namna gani.

SWALI: Tunaagiza raki mpya. Je, raki nyeupe zina faida yoyote ya mwangaza au ni urembo?
*Afisa ununuzi, Dodoma*

JIBU: Zina faida. Rangi nyeusi hula karibu mwanga wote unaoiangukia, na nyeupe hurudisha sehemu kubwa. Katika ushoroba wa mita 1.2, raki za upande mmoja ndizo zinazomulika raki za upande wa pili, na hasa zile sehemu za chini ambazo taa za juu hazizifikii vizuri. Kama bei inatofautiana kidogo, chukueni nyeupe. Kama inatofautiana sana, chukueni nyeusi na muweke sakafu ya rangi ya kijivu nyepesi isiyong'aa, ambayo itawapa sehemu ya faida hiyo. Kumbukeni kwamba uso wa seva zenyewe kwa kawaida ni mweusi au wa chuma, na kwamba milango yenye matundu hurudisha mwanga kidogo kuliko bati zima, kwa hiyo msipunguze idadi ya taa kwa kutegemea rangi peke yake.

SWALI: Huku Ghuba tumeanza kupokea raki za akili unde zinazopozwa kwa kimiminika, na shoroba zetu zimefunikwa juu kwa paneli za plastiki. Je, kanuni za taa ni zile zile?
*Fundi wa Kitanzania, Dubai*

JIBU: Kanuni ya kumulika uso uliosimama ni ile ile, lakini mambo mawili yamebadilika. La kwanza ni paa la ushoroba. Paneli hata ikiwa angavu hupunguza mwanga, na ikishika vumbi hupunguza zaidi. Taa ziwe ndani ya eneo lililofunikwa, zishikwe na fremu imara. Zipo paneli zilizoundwa ili zidondoke au zilegee joto la moto linapopanda, kusudi maji au gesi ya kuzimia moto ifike ndani. Taa wala waya wake visifungwe kwenye paneli hizo.

La pili ni kimiminika chenyewe. Raki ya NVIDIA GB200 NVL72 hutumia takriban kilowati 120, mara 12 ya raki ya kilowati 10 niliyoitumia katika hesabu ya juu, na sehemu kubwa ya joto lake huondolewa kwa mipira na mabomba yaliyojazana nyuma ya raki. Kazi ya macho imeongezeka: mbali na kusoma lebo, sasa unatafuta unyevu kwenye viungio. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja hauonyeshi vizuri maji yaliyotandaa kwa wembamba sakafuni. Mwanga wa chini unaoparuza sakafu huyaonyesha mara moja kwa mng'ao wake. Ningeweka ukanda wa taa usawa wa kifundo cha mguu kwenye ushoroba wa nyuma, wenye kinga dhidi ya maji na swichi yake peke yake, uwashwe wakati wa ukaguzi. Pamoja na hayo, kila fundi awe na taa ya kichwani kwa ajili ya kutazama ndani ya raki, mahali ambapo hakuna taa ya jengo inayoweza kufika. Taa ya jengo ikiwa mbovu, hiyo ya kichwani hugeuka kuwa taa kuu, na hapo ndipo meneja anapopaswa kushtuka.

SWALI: Sisi tuna chumba kidogo tu cha seva chenye raki nne kwenye ofisi ya ushirika. Taa ni moja, katikati ya dari, na iko juu ya raki. Tuanzie wapi?
*Katibu, Moshi*

JIBU: Iondoeni hapo. Wekeni taa mbili za LED za futi nne, moja mbele ya raki na nyingine nyuma yake, zifuate urefu wa safu ya raki na zisiwe juu yake, kwa umbali wa takriban nusu mita kutoka kwenye uso wa raki. Swichi iwe ndani, karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa anayeingia hauwezi kuikosa. Vihisi hamvihitaji, kwa kuwa mtu anaingia mara chache na anaweza kuzima taa mwenyewe anapotoka. Mojawapo ya taa hizo iwe na betri yake ya dharura. Mwambieni fundi umeme atenge breka ya taa na ile inayolisha UPS, aandike majina ya breka hizo kwenye bodi kwa maandishi yasiyofutika, na kabla hamjamlipa apige magoti mbele ya raki ya mwisho, milango ikiwa imefungwa, ajaribu kusoma namba iliyochapishwa kwenye kifaa cha chini kabisa bila kuwasha tochi.